Vipande vitano havina hata toazi moja

Maboksi tuliyafungulia barazani, Magomeni ya hapa Bagamoyo, si ile ya Dar. Kikundi chetu cha kupiga harusini kilikuwa kimechanga kwa miezi, mwisho tukanunua seti ya dramu kwenye duka moja la mjini. Mweka hazina wetu, mama mtu mzima ambaye hajawahi kushika fimbo za dramu lakini hesabu haimpiti, alisimama juu ya ule mzigo akihesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Risiti ilisema "vipande vitano", na vipande vitano vilikuwepo. Kisha akanigeukia:

"Mwanangu, na vile visahani vya shaba viko wapi?"

Havikuwepo. Wala kiti. Wala ile pedali ya kukanyaga. Mmoja wetu akaanza kusema tumeibiwa, akataka twende tukalalamike siku ileile. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumepewa kilekile kilichoandikwa. Tatizo letu lilikuwa kutoijua lugha ya ile risiti.

Tangu hapo nimeulizwa swali hilo na watu wa kwaya, na vijana wanaotaka kuanzisha bendi, na mwalimu mmoja ambaye shule yake ilihitaji ngoma za paredi ikaletewa seti ya kupigwa mtu akiwa amekaa. Msimu wa tamasha la sanaa la hapa kwetu, linalofanyika tangu 1982, ndio maswali huzidi, maana watu wanaona seti jukwaani TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, zimepangwa na zinameta, wanadhani zinauzwa hivyohivyo zilivyo. Basi nieleze kama nilivyotamani kuelezwa mimi.

Hesabu ya "vipande" inahusu ngoma tu, yaani vile vyenye mzinga na ngozi. Katika seti ya vitano kuna kiki, ambayo ni ile kubwa inayolala ubavu na kupigwa kwa mguu, mara nyingi upana wake inchi 22 au 20. Kuna tomu mbili ndogo zinazokaa juu ya kiki, na tomu kubwa inayosimama kwa miguu yake upande wa mkono wa kulia wa mpigaji. Ya tano ni sneya, ile inayokaa katikati ya magoti na kutoa mlio mkali wa "ta!". Sneya ya kawaida ina upana wa inchi 14 na kimo cha inchi tano au sita hivi.

Matoazi, yaani visahani vya mama, hayahesabiwi. Stendi hazihesabiwi. Pedali na kiti navyo havimo. Ni kama kununua kitanda: fundi akikuambia kitanda cha tano kwa sita hajakuambia lolote kuhusu godoro.

Na kuna kituko kingine. Watu wengi huamini kwamba seti ikiwa ghali ndiyo inakuja imekamilika. Mara nyingi ni kinyume. Seti za bei nafuu, za wanaoanza, ndizo zinazofungwa pamoja na kila kitu, hadi kiti na matoazi, ingawa matoazi yenyewe mara nyingi ni ya shaba iliyochanganywa na zinki na mlio wake ni kama wa kifuniko cha sufuria. Ukipanda bei, kiwanda kinaanza kukuondolea vitu. Kinachukulia kwamba wewe ni mzoefu, una matoazi yako uliyoyapenda na stendi zako. Ukifika juu kabisa, hata sneya hupewi, kwa sababu mpigaji mzoefu huichagua sneya kama mvuvi anavyochagua nyavu. Sisi tulikuwa tumeangukia katikati: pesa ya kutosha kupunguziwa vitu, uzoefu wa kujua tumepunguziwa hatuna.

Kwa nini ngoma tano zimekusanywa kwa mtu mmoja? Hili husaidia kuelewa kwa nini vyuma, yaani stendi na pedali, vina umuhimu kuliko tunavyofikiri. Ngoma zetu za asili huku Pwani hupigwa na watu kadhaa. Ukiitazama mdundiko ikipita mtaani, kila mpigaji ana ngoma yake na kazi yake, na utamu unatokea pale kazi hizo zinapokutana. Bendi za Ulaya na Marekani nazo zilikuwa hivyo: mmoja na ngoma kubwa, mwingine na sneya imening'inia begani, wa tatu na matoazi mikononi. Matarumbeta yetu ya harusini bado yanapiga hivyo. Beni nayo ilikuwa hivyo, ile ngoma ya kuigiza paredi za askari iliyoenea pwani hii enzi za Mjerumani, vikundi vya Marini vikishindana na vya Arinoti.

Kilichowaunganisha watu watatu wakawa mmoja hakikuwa ngoma mpya. Kilikuwa chuma. Mwishoni mwa karne ya 19 zilianza kutengenezwa stendi za sneya za kukunja. Kabla ya hapo mpigaji aliyetaka kukaa aliweka sneya juu ya kiti cha kawaida. Mwaka 1909, mjini Chicago, William F. Ludwig na ndugu yake walianza biashara kwa kuuza pedali ya kiki iliyokuwa na kasi ya kutosha kufuata muziki wa wakati ule. Miaka ya 1920 matoazi mawili yaliyokuwa yakigonganishwa kwa mguu karibu na sakafu yaliinuliwa juu ya bomba hadi yakafikiwa na fimbo, na hiyo ndiyo haihati tunayoijua leo. Mguu wa kulia ukapata kiki, wa kushoto ukapata haihati, mikono ikabaki huru. Kwa hiyo ukiondoa vyuma, unachobaki nacho ni rundo la ngoma na watu kadhaa wa kuzipiga.

Sasa sneya, maana hapo ndipo penye maneno mengi.

Sneya ina ngozi mbili. Ya juu ni nene kiasi, ndiyo inayopigwa. Ya chini ni nyembamba mno, karibu uone mwanga kupitia kwake. Ngozi hizi, tuseme wazi, si ngozi ya mbuzi wala ng'ombe bali ni plastiki, iliyoingia sokoni miaka ya 1950, na tumebaki na jina tu. Chini ya ile ngozi nyembamba kumetandazwa nyaya za chuma zilizojisokota kama springi, mara nyingi 20, zimeshikwa ncha zote mbili. Ukipiga juu, hewa ya ndani inaisukuma ngozi ya chini, nayo inazirusha zile nyaya na kuzipokea tena mara nyingi kwa kufumba na kufumbua. Hebu fikiria kayamba imefungwa tumboni mwa ngoma: ngoma inasema "du", kayamba inasema "shaa", masikio yako yanasikia neno moja, "ta!".

Ubavuni kuna kishikio kidogo cha chuma. Ukikishusha, nyaya zinaachana na ngozi na sneya inakuwa tomu. Hiki kishikio watu hawakijui. Nilishaletewa sneya "iliyokufa sauti" kutoka upande wa Dunda, mwenyewe akiwa ameshaulizia bei ya nyingine. Nilikipandisha kishikio kwa kidole gumba. Sikumdai kitu, ila soda niliinywa.

Lawama nyingine ni ile ya sneya inayonong'ona bila kupigwa. Mpiga gitaa la besi anagusa nota moja, sneya kule nyuma inaitikia "shrrr". Watu huikaza hadi nyaya zinalia kama bati, na bado inanong'ona. Huo si ubovu. Lori likipita barabarani, vikombe vya kabatini hutetemeka ingawa hakuna aliyevigusa. Kila kitu kina mtetemo wake kinaoupenda, na nyaya za sneya ni nyepesi kiasi kwamba zinapenda mitetemo mingi. Ukitaka kupunguza, badili kidogo mkazo wa ile tomu inayoichokoza, au shusha kishikio pale wimbo usipohitaji sneya. Kijana wetu mmoja hushusha hata akiwa anapiga, anapotaka ilie kama chapuo. Kuimaliza kabisa haiwezekani, na rekodi nyingi nzuri zina mnong'ono huo ukisikiliza kwa makini.

Katika kukaza ndipo penye uharibifu zaidi. Sneya ina skrubu nane au kumi kila upande, zinazoivuta pete ya chuma chini ili ngozi ikazike. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sneya haimtaki mwambaji wa namna hiyo. Ukianza skrubu moja ukazunguka kwa kufuatana, ngozi inavutwa upande mmoja, pete inakaa mshazari, na baada ya muda mzinga nao unaweza kupinda. Mtazame fundi wa tairi anavyofunga nati za gurudumu: anakaza moja, anaruka kwenda ya mkabala wake, kisha anavuka tena. Fanya vivyo hivyo, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, halafu gonga kwa ncha ya fimbo karibu na kila skrubu usikilize kama zinafanana. Ufunguo wake ni mdogo wenye tundu la pembe nne. Ukiupoteza utaishia kwenye koleo, na koleo litakula vichwa vya skrubu.

Na kukaza zaidi hakuongezi sauti. Kunapandisha mlio juu, kisha kufika mahali ngozi inakosa nafasi ya kucheza na sauti inakuwa fupi, kavu, kama unagonga meza.

Kosa la mwisho kuhusu sneya ningelikuwa sijaliona kwa macho nisingeliandika. Harusini mahali fulani, fundi mitambo aliyeombwa asaidie kupanga vyombo aliiweka sneya kichwa chini miguu juu, nyaya zikitazama angani. Mpigaji alikuwa akisalimiana na watu, hakuangalia. Pigo la kwanza la wimbo wa bibi harusi likatoboa ile ngozi nyembamba kama kidole kwenye karatasi ya maandazi.

Tuje kwenye stendi. Ziangalie zote, utaona miguu mitatu. Sababu yake unaijua tangu jikoni: mafiga ni matatu. Vitu vitatu vikikaa chini vinashika hata ardhi isiyo sawa, cha nne ndicho huleta kuyumba. Baraza zetu, mchanga, majukwaa ya mbao yaliyopigwa misumari asubuhi ya shughuli, hakuna palipo sawa, na miguu mitatu inayavumilia yote hayo. Ila ina sharti lake. Stendi ya toazi lenye mkono mrefu uliolala upande mmoja lazima mguu wake mmoja uelekee upande uleule wa toazi. Ukiuelekeza kwingine, toazi litaiangusha stendi, na kwa kawaida linaangukia mtu.

Stendi ya sneya juu ina mikono mitatu inayoikumbatia pete ya chini. Watu huibana mpaka mishipa inawatoka, wakiogopa isiponyoke. Ibane ikae tu. Ukiibana kupita kiasi unaikaba ngozi ya chini, na unaweza kuipinda pete. Angalia pia mkono wowote usigandamize mahali nyaya zinapotokea. Kimo chake, kwangu mimi, ni ukingo wa sneya usawa wa kitovu ukiwa umekaa, na ndio maana kiti kinahesabika kuwa chombo. Mpigaji wa kiti cha plastiki cha shughulini hupiga huku mabega yake yako masikioni, nyimbo nne tu ameshachoka.

Toazi nalo lisikazwe. Juu yake kuna nati yenye masikio, na kati ya nati na toazi kuna vipande vya sufi, na katikati ya tundu hupita mrija mdogo wa plastiki. Vitu vitatu vya bei ya karanga. Vikikosekana, shaba inasagana na chuma, tundu linapanuka, ufa unaanza hapo na kutambaa nje. Toazi linatakiwa liyumbe kama mnazi kwenye upepo wa kusi. Mnazi ungekuwa mgumu, ungevunjika msimu wa kwanza. Toazi zuri ni shaba asilimia 80 na bati asilimia 20, mchanganyiko wenye mlio mtamu lakini unaokatika kuliko kupinda, kwa hiyo ufa wake hauna fundi wa kuuziba. Unaweza tu kuukata usienee.

Haihati ina stendi ya peke yake. Ndani ya bomba mna fito ya chuma inayovutwa na pedali, kama kanyagio la cherehani linavyovuta mkanda. Toazi la chini limelala, la juu limening'inizwa kwenye fito kwa kifaa kidogo kinachoitwa klachi. Ni kidogo, kinatoshea kiganjani, na ndicho kinachopotea kuliko kitu chochote kwenye seti nzima. Bila klachi toazi la juu halina cha kulishika, haihati inakuwa sahani mbili zilizopangwa kwenye kabati.

Kiki nayo hutembea. Mpigaji anakanyaga, kiki inasogea mbele, hadi mwisho wa wimbo mguu wake umenyooka kama anayepanga kulala. Mbele ya kiki kuna miguu miwili ya kuchomoa, ielekeze mbele kidogo, na chini tandika zulia. Mkeka hapana. Mkeka juu ya saruji unateleza na wote waliomo.

Kisha kuna chumvi, na hapa watu wa bara watuwie radhi, hili ni letu. Mtu anayetaka kujua hali ya vyuma Bagamoyo atazame mabati ya nyumba za karibu na soko la samaki. Vyuma vya dramu vinang'aa kwa sababu ya ganda jembamba la kromu juu ya nikeli, na chini yake ni chuma cha kawaida kabisa. Ganda lina vitundu visivyoonekana. Chumvi ya hewani inatua juu yake, inavuta unyevu na kuushikilia, na unyevu wenye chumvi huharakisha kutu kuliko maji matupu. Kwanza zinatokea chembe za kahawia, baadaye malengelenge, mwisho ganda linabanduka. Vile vifundo vilivyo ubavuni mwa ngoma mara nyingi ni vya mchanganyiko wa zinki, vyenyewe havifanyi kutu nyekundu, vinatoa unga mweupe. Jasho la mpigaji lina chumvi pia.

Dawa yake ni kitambaa kikavu kila baada ya shughuli, kabla ya kufunika. Si kitambaa cha maji. Nyuzi za skrubu zipake tone la mafuta ya cherehani mara moja moja. Mabomba ya stendi usiyapake, maana kazi yake ni kushikana. Nimeona stendi iliyopakwa mafuta kwa upendo ikishuka yenyewe polepole katikati ya wimbo, toazi likimfuata mpigaji hadi magotini. Na mtu anayekuuzia seti ya mtumba usimsikilize akiisifu mizinga. Mizinga ya mbao, ikitunzwa isilowe, hudumu miaka mingi. Wewe fungua kila nati, zungusha kila skrubu, kanyaga pedali zote mbili, pandisha na kushusha kishikio cha sneya. Ngozi zikiwa zimechakaa hilo si neno, ngozi zinabadilishwa kama tairi. Skrubu iliyogandia ndani ya kifundo ndiyo ya kuogopa.

Sisi yale maboksi hatukuyarudisha. Tulichanga tena, na safari hii mama mweka hazina alitaka kwenda mwenyewe. Alinikalisha chini usiku mmoja, nikamtajia yote, akayaandika kwenye daftari la mistari: pedali, stendi ya sneya, stendi za matoazi mbili, stendi ya haihati, klachi, sufi, mirija, ufunguo, kiti. Dukani aliyasoma moja baada ya jingine, na kila kilipowekwa mezani alikipigia alama ya vema. Muuzaji akamtazama, akamuuliza kwa heshima zote, "Samahani mama, wewe ndiye mpigaji?"

"Mimi ni mweka hazina," akamjibu. "Hebu nionyeshe klachi."